XP ya Maabara Inataka Kuongea na Nani?

Mtu akiniita nimuungie kompyuta ya zamani kwenye mtandao wa idara, sianzi kwa kuuliza ina Windows gani. Nauliza faili zake zinakwenda wapi. Wengi hushangaa, maana wao wameniita kwa jambo la waya: kuna tundu ukutani, kuna tundu nyuma ya kompyuta, fundi aje aunganishe aondoke. Lakini nikishauliza hivyo ndipo habari yenyewe inapotoka. Matokeo ya vipimo yamo kwenye kompyuta ya maabara ghorofa ya chini, na mwenye matokeo anakaa ghorofa ya pili. Anachotaka ni matokeo yapande juu. Intaneti hajaitaja kabisa, na akiitaja ni kwa mazoea tu, kwa kuwa siku hizi kompyuta isiyo na intaneti huonekana mbovu.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika idara ya kemia ya chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Kitengo cha TEHAMA cha chuo kina wataalamu wa seva, wa faiawali na wa mtandao mkubwa. Mimi ni mtu wa idara. Najua tundu gani la ukutani limekufa, printa ya nani inakula karatasi, na ni mhadhiri gani ukimgusia kubadilisha kompyuta yake anakuwa mkali.

Kompyuta za zamani tulizonazo ni za namna mbili, na ukizichanganya utafanya kazi mara mbili. Kuna za ofisini, ambazo uzee wake ni wa bajeti tu. Fedha zikipatikana zinaondoka, na hakuna atakayezililia. Halafu kuna kompyuta za mashine. Hizi zilikuja kwenye kasha moja na kifaa cha maabara, zikiwa na programu yake, kadi yake na leseni yake. Kompyuta inayoendesha HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizomo kwenye sampuli, ni kiungo cha mashine hiyo sawa na pampu yake. Ukiitoa, umebaki na pampu ghali isiyofanya kazi.

Ndiyo maana Windows XP bado iko hai maabara. Microsoft waliitoa Oktoba 2001 na wakaacha kuitunza tarehe 8 Aprili 2014. Kifaa cha maabara kinachotunzwa vizuri kinavuka miaka 20 bila shida, na kwa idara inayosubiri mradi au mfadhili ndipo inunue kingine, hiyo miaka 20 ni ya kawaida. Kila mwaka anatokea mtu mwerevu anayesema, "Si upige tu Windows mpya?" Ingekuwa rahisi hivyo ningeshapiga. Programu ya mashine iliandikwa kwa ajili ya XP. Draiva ya kadi inayozungumza na kifaa ni ya biti 32, na aliyeiandika pengine alishastaafu. Kadi yenyewe ni ya PCI, tundu ambalo kompyuta mpya hazina. Leseni nayo wakati mwingine imefungwa kwenye anwani ya MAC ya kadi ya mtandao iliyokuja na kompyuta, kiasi kwamba ukibadilisha kadi hiyo programu inakuona mwizi. Toleo jipya la programu lipo, ila linataka mashine mpya.

Basi kompyuta inabaki. Na kompyuta inayobaki hukutana na kanuni ya chuo, inayosema kwamba kompyuta ambayo mfumo wake haupokei tena masasisho ya usalama isiunganishwe kwenye mtandao. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ningekuwa mkuu wa TEHAMA ningeiandika vilevile, labda kwa herufi nene zaidi. Tabu iko kwenye kinachofuata baada ya waya kuchomolewa. Matokeo hayaachi kutakiwa kwa sababu waya umechomolewa. Mwanafunzi wa uzamili ana tarehe ya kukabidhi tasnifu, mhadhiri ana ripoti ya mradi, na kompyuta ina tundu la USB upande wa mbele.

Flashi zikaingia. Flashi moja asubuhi iko kwenye kompyuta ya HPLC, mchana iko steshenari ya nje ya geti ikiprinti, jioni iko kwenye kompyuta mpakato ya rafiki hosteli, kesho yake imerudi maabara. Aliyewahi kufungua flashi akakuta folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato anajua ninachosema. Ukichora njia za flashi za idara moja kwa wiki moja utapata mtandao kamili, wenye vituo vingi kuliko ule wa kebo, na hauna faiawali hata moja. Nimewahi kuwaambia wakubwa zangu hivyo katika kikao: kompyuta ya XP mliyoitoa kwenye mtandao haijatoka, imehamia mtandao mwingine msiouona.

Wasioamini nawapa mfano wa Conficker. Kirusi hicho kilianza kuonekana Novemba 2008, kikitumia tobo ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba Oktoba mwaka huohuo. Matoleo yake ya baadaye yalipita njia mbili: kwenye mtandao, na kwenye flashi kwa kutumia ile tabia ya Windows kufungua yenyewe chochote unachochomeka. XP ilibaki na tabia hiyo hadi Februari 2011, Microsoft walipoanza kusambaza sasisho la kuizima kwa upande wa flashi. Kompyuta ya maabara iliyotengwa na mtandao kabla ya hapo haikulipata, na nimekuta zaidi ya moja ambazo bado zinafungua flashi kwa ukarimu uleule.

Mfano wa pili hutolewa na wenzangu wa TEHAMA, na huutoa kwa haki: WannaCry, tarehe 12 Mei 2017. Kirusi kile kilifunga faili za watu na kudai fidia, kikaingia katika hospitali nyingi za Uingereza na kuenea nchi kama 150. Kilipitia poti 445, kwenye toleo la kwanza la SMB, itifaki ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili. Kila mtu alilaumu XP, na Microsoft wenyewe wakatoa dawa ya XP siku iliyofuata ingawa walikuwa wamekwisha kuiacha miaka mitatu nyuma. Ila hesabu zilizotolewa baadaye na Kaspersky zilionyesha kwamba asilimia 98 hivi ya kompyuta walizoziona zimeambukizwa zilikuwa za Windows 7, iliyokuwa bado inatunzwa na ambayo dawa yake ilitoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. XP nyingi zilizopigwa zilianguka skrini ya bluu kabla ya kirusi kukaa vizuri. Simtetei mzee XP. Nasema kwamba siku ile ya Mei, kompyuta iliyozibiwa poti 445 ililala salama iwe ya zamani au mpya, na iliyoachwa wazi ikategemea bahati.

Kwa hiyo hoja yangu kwa chuo ilikuwa nyepesi: tusibishane kama XP iunganishwe au isiunganishwe, tukubaliane iongee na nani. Jibu letu lilikuwa kwamba iongee na kompyuta moja tu, na iongee kuhusu jambo moja tu.

Nieleze ilivyofanyika kwenye HPLC, kwa sababu pale ndipo kila tatizo lilikuwepo kwa pamoja.

Maabara ile inasimamiwa na fundi sanifu mkuu, mama ambaye alikuwepo mashine ilipofunguliwa kutoka kwenye mbao zake. Nilipoingia na kisanduku changu nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, halafu bila kunyanyua macho kwenye daftari, "hiyo kompyuta ikifa leo, mimi na wewe tutatafuta chuo kingine." Nikamwomba anionyeshe kwanza yeye mwenyewe anafanyaje kazi kuanzia kuwasha mpaka kutoa matokeo, nami sikugusa kitu. Hilo ni jambo ambalo mafundi vijana hulidharau. Ukimwangalia mtumiaji kwa nusu saa unajua ni folda ipi inayojazwa, ni faili zipi anazihitaji, na ni programu gani ukiifunga pampu inasimama.

Nikazunguka nyuma ya kompyuta. Tundu la mtandao lilikuwa moja, na waya uliochomekwa humo haukwenda ukutani, ulikwenda kwenye mashine yenyewe. HPLC nyingi za miaka ile huongea na kompyuta yake kwa kebo ya mtandao, anwani zikiwa zimewekwa kwa mkono pande zote mbili. Ndipo nikaelewa malalamiko ya siku nyingi kwamba mashine "inapotea" kila Jumatatu. Kuna mtu mwisho wa wiki alikuwa akichomoa waya wa mashine, anachomeka wa ukutani ili apate intaneti, anaruhusu Windows itafute anwani yenyewe, akimaliza anarudisha waya bila kurudisha anwani. Jumatatu mama anawasha, programu inasema haioni kifaa.

Nilipofungua ule ukurasa mweusi wa amri na kuandika ipconfig, anwani ilikuwa inaanza na 169.254. Kwa fundi, namba hizo ni kama kauli: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na yeyote, ikajipangia. Windows hufanya hivyo tangu Windows 98. Mashine ilikuwa inasubiri kwenye anwani yake ya 192.168, na kompyuta imehamia kitongoji kingine. Nikairudisha anwani ya zamani, iliyokuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye jalada la ndani la kitabu cha mashine. Mwandishi wa ile kalamu ya risasi, popote alipo, apewe soda.

Kadi ile ya mtandao sikuigusa tena, kwa sababu ya leseni. Nikaongeza ya pili. Kadi mpya za dukani hazina draiva za XP, lakini Kariakoo, ukiwa na subira na maduka ya vifaa vilivyotumika, unapata zile za PCI zenye chipu ya RTL8139. Kadi hiyo ni ya bei ndogo, haina sifa yoyote ya kujivunia, na XP inaitambua bila kuomba diski. Nikaipa anwani isiyofanana hata kidogo na upande wa mashine. Kadi mbili zikiwa na anwani za mtandao mmoja, Windows haijui barua ipite mlango gani, na utakaa siku nzima unalaumu waya. Sehemu ya geti, yaani anwani ya ruta ya kutokea nje, niliiacha wazi. Sehemu ya DNS pia. Kompyuta isiyojua ruta iko wapi haiendi mbali, hata mtu akichomeka waya kwenye tundu asilopaswa. Kisha nikatoa alama ya tiki kwenye kushirikiana mafaili na printa kwa kadi hiyo, nikawasha faiawali iliyokuja na Service Pack 2 ya mwaka 2004. Ni faiawali ya kawaida sana, lakini inajua kukataa wageni, na hilo ndilo tu nililotaka.

Waya wa kadi hiyo ya pili nao ulikuwa na lake. Kile kimeno cha plastiki cha kichwa kilikuwa kimevunjika, ukikohoa karibu unachomoka. Nikakata, nikakrimpu kichwa kipya: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mama akaniuliza kwa nini kijani kimetenganishwa na mwenzake. Nikamwambia kwa kadi za zamani kinachosafirisha ni nyaya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6, na 3 na 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Ukizipanga kwa mvuto wa macho, kila kijani na kijani chake, taa itawaka na faili hazitafika. Akaniambia hata kwenye HPLC ni vivyo hivyo, watu hupanga mirija kwa urefu badala ya kwa kazi yake.

Taa ikawaka, kompyuta ya upande wa pili, ambayo nitaieleza punde, ikajibu ping, na faili kubwa likaenda kwa mwendo wa kobe. Hapa watu wengi hukata tamaa wakasema kompyuta ni ya zamani, ndivyo ilivyo. Sivyo. Kadi za megabiti 100 hazichoki kwa faili la megabaiti 30. Nilifungua mipangilio ya swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, nikakuta tundu la waya huo limelazimishwa kwenda megabiti 100 kwa pande mbili kwa wakati mmoja, wakati kadi ya XP imeachwa ijipimie. Ikiwa upande mmoja umelazimishwa na mwingine unajipimia, unaojipimia hushindwa kupata makubaliano, ukachukua hali ya zamu, ya kusema na kunyamaza. Mmoja anaongea wakati wowote, mwingine anadhani ni zamu yake, vifurushi vinagongana. Ping ni kifurushi kidogo, kinapita. Faili linasaga meno. Weka pande zote zijipimie na faili litapita mara moja.

Ng'ambo ya waya ule niliweka kompyuta ya katikati. Ni kompyuta ya mezani iliyoondolewa ofisini, nikaitia Linux na kadi mbili za mtandao: moja inatazama kompyuta za mashine, nyingine inatazama idara. Kati ya kadi hizo mbili hakuna njia ya kupitisha vifurushi, nimehakikisha imezimwa. Inafanya kazi kama dirisha la duka la mtaani lenye nondo. Unapitisha pesa, unapokea mkate, na hakuna anayeingia upande wa pili. XP inaleta faili dirishani, kompyuta ya katikati inalikagua kwa antivairasi, inaliweka kwenye folda ambayo wahadhiri wanaisoma kutoka ghorofa ya pili kwa SMB ya kisasa. Wanasoma tu, hawaandiki. Kutoka juu hakuna kinachoshuka kwenda kwa XP.

Ningeweza kuiruhusu XP itumie SMB yake ya zamani kufikisha faili. Haijui nyingine yoyote. Lakini toleo hilo la kwanza ndilo lile la WannaCry, Windows 10 zilizotoka tangu mwishoni mwa 2017 haziji nalo likiwa limewashwa, na Samba ya Linux ililizima tangu toleo la 4.11 mwaka 2019. Kulifufua kwa ajili ya kompyuta chache ni kuacha kazi kwa fundi atakayekuja baada yangu, atakayelikuta limewashwa asijue kwa nini. Nikatumia FTP, itifaki ya zamani ya kuhamisha faili. Najua FTP inapeleka nenosiri wazi bila kulifunika, na kwenye mtandao wa kawaida nisingeigusa. Kwenye waya wenye kompyuta za mashine upande mmoja na kompyuta ya katikati upande mwingine, hakuna wa kusikiliza. XP ina programu ya FTP ndani yake, ile ya maandishi, wala huhitaji kusakinisha kitu. Ina mtego mmoja tu wa kuujua mapema: ukiiacha ilivyo, inatuma kila faili kama maandishi, na seva nyingi hugeuza alama za mwisho wa mstari. Ripoti za namba zinafika salama, faili ghafi za kromatogramu zinafika zimeharibika kimyakimya, na utagundua baada ya miezi mwanafunzi anapotaka kuzifungua upya. Neno moja, binary, kabla ya kutuma, linamaliza habari hiyo.

Nilitaka kazi hii ijifanye yenyewe kila usiku. Mama akakataa. Kompyuta yenyewe inaingia bila nenosiri, na XP haiendeshi kazi za ratiba kwa akaunti isiyo na nenosiri. Kuweka nenosiri kungemaanisha kulibandika kwenye skrini kwa karatasi ya njano, kama ilivyo ada. "Niwekee kitu cha kubofya," akasema, "nijue nimetuma." Kwa hiyo kwenye skrini kuna ikoni imeandikwa TUMA MATOKEO. Ukibofya, dirisha jeusi linafunguka, majina ya faili yanapita, linafunga. Niseme ukweli wangu, ni bora kuliko mpango wangu wa usiku. Mtu aliyebofya anajua kama matokeo yamekwenda, na yasipokwenda ananipigia simu siku hiyohiyo.

Halafu kuna saa. Ubao wa kompyuta una betri ndogo ya CR2032 inayotunza tarehe umeme ukizimwa. Ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta inarudi miaka iliyopita, na sisi umeme kukatika tunakujua. Nilikuta faili za vipimo zenye tarehe ya 2002, wakati mwenye sampuli mwaka huo alikuwa chekechea. Kwa tasnifu hilo si mzaha. Mtahini wa nje akifungua kiambatisho akaona tarehe hiyo ana haki ya kuuliza sampuli zimetoka wapi. Betri ni kitu cha dakika tano. Baada ya hapo kompyuta ya katikati hutoa saa kwa kompyuta za mashine, ila tarehe lazima uiweke kwanza kwa mkono, kwa kuwa XP hukataa kusawazisha saa ikiona tarehe hailingani. Angalia na kanda ya saa pia. Kwenye orodha ya Windows yetu inaitwa Nairobi. Aliyepiga Windows kwa haraka huiacha ile inayokuja nayo, ya pwani ya magharibi ya Marekani, na vipimo vya saa tatu asubuhi vinaandikwa vimefanyika jana yake usiku.

Si kila kompyuta ilipata waya. Tunayo moja ya Windows 98 inayoendesha spektrofotometa ya zamani, inayofanya kazi yake vizuri kuliko inavyostahili. Windows 95 na 98 zilikuwa na kasoro maarufu ya kuganda baada ya siku 49.7 bila kuzimwa, kwa sababu kihesabu chake cha milisekunde kilijaa. Nimeisoma kasoro hiyo, sijawahi kuiona. Hakuna kompyuta hapa iliyowahi kupata siku 49 mfululizo za umeme. Hiyo ya Windows 98 niliikatalia kebo ya mtandao kabisa. Faili zake ni ndogo mno, na ina HyperTerminal na tundu la serial. Waya wa serial wa kupishanisha unatoka kwake kwenda kompyuta ya katikati, kwa kasi ya 9600, ambayo ni kama baiti 960 kwa sekunde. Faili la kilobaiti 100 linachukua chini ya dakika mbili. Mhadhiri mwenye mashine anasema anapata muda wa kusafisha kuveti.

Upande wa ofisini mambo ni tofauti, na nitayapitia haraka kwa sababu jibu lake ni fupi. Mtu ana kompyuta mpakato ya Windows 7, anataka eduroam, Wi-Fi ya vyuo, nenosiri lake ni sahihi na bado anakataliwa. Seva ya kuhakiki watumiaji imeacha kukubali matoleo ya zamani ya TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano, na Windows 7 ikijitambulisha kwenye Wi-Fi hutumia ya 1.0. Kuna sasisho la mwaka 2014 linaloiwezesha kutumia 1.2, na lazima uguse rejista. Niliwafanyia wachache mwanzoni. Sasa sifanyi, kwa sababu kumsaidia mtu aingie intaneti nzima na Windows iliyoachwa tangu Januari 2020 ni kinyume cha kila nilichosimulia hapo juu. Kompyuta ile haijafungwa kwenye mashine yoyote. Faili zake zihamishwe, apewe nyingine, au itiwe Linux kama kazi yake ni barua pepe na kuandika. Hapo ndipo wanaponiita mkali, wakati XP ya maabara nimeibembeleza. Wanasahau kwamba XP ya maabara haina intaneti na hawa wanaitaka.

Foleni hiyo ya ofisini imekua ghafla. Windows 10 ilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kompyuta za makatibu muhtasi wetu, ambazo zinawaka vizuri na hazina ubovu wowote, zimekuwa za zamani kwa siku moja. Microsoft wanauza muda wa nyongeza wa masasisho, na nimeomba chuo kitulipie kwa zile zinazoshika matokeo ya mitihani. Nyingine zitasubiri bajeti. Na baadhi ya mashine za maabara tulizonunua kwa fahari miaka michache iliyopita zilikuja na Windows 10. Kwa hizo tayari nimeshaanza kutafuta kadi za pili.

Kuhusu ununuzi, mkuu wa idara alinikubalia jambo moja. Katika zabuni ya mashine inayofuata tumeongeza vipengele ambavyo hapo awali havikuwemo. Mwuzaji aandike programu yake inahitaji Windows ipi na Microsoft wataitunza mpaka lini. Aseme kama leseni imefungwa kwenye kadi, kwenye kifaa cha USB au kwenye seva yake, na ikifungwa kwenye kadi atatoa vipi nyingine kadi ikiungua. Kompyuta ije na matundu mawili ya mtandao tangu kiwandani. Nakala za diski za kusakinishia zikabidhiwe idarani, na nakala ya diski kuu nzima itengenezwe mbele yetu siku ya kukabidhi, kabla mtu yeyote hajachomeka flashi. Mwuzaji mmoja alishauliza kwa simu vipengele hivyo vinahusiana nini na kemia. Mama wa HPLC ndiye aliyepokea simu, na mazungumzo yao yalikuwa marefu.